SIKU TISA ZA MUNGU MAMA
Maana ya Sikukuu ya Navaratri katika Dini ya Kihindu

Kila mwaka, katika mwezi wa Septemba au Oktoba, watu wakaao Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam au Kampala husikia usiku nyimbo na vishindo vya ngoma kutoka katika kumbi na mahekalu ya Wahindu. Mtu apitaye njiani akichungulia huona wanawake na wanaume, wazee na watoto, wamevaa mavazi ya rangi nyingi, nao wanazunguka duara na kupiga makofi kwa kipimo. Mara nyingi katikati yao pana taa iwakayo ndani ya chungu chenye matundu. Kesho yake huwa vivyo hivyo, na kesho kutwa, hata siku tisa zitimie. Wengi hudhani ya kuwa ni arusi ya tajiri. Si arusi, ni ibada, na taa ile ndiyo jambo lenyewe.

Twaona ni vema kuwaeleza wasomaji maana ya ibada hiyo. Hatutaki mtu aifuate, wala hatutaki mtu aicheke. Wahindu ni majirani zetu tangu siku nyingi, na mtu asiyejua jirani yake anaabudu nini hawezi kujua anaogopa nini wala anatumaini nini. Mwenye kuamua mashauri ya watu na mwenye kufundisha watoto wao wahitaji kujua hayo kupita wengine.

JINA NA MAJIRA YAKE

Jina Navaratri ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vya dini ya Kihindu. Nava maana yake ni tisa, na ratri ni usiku. Basi jina lote ni "usiku tisa". Sikukuu huanza mwezi unapoandama, katika mwezi wao uitwao Ashvin. Siku ya kumi, inayoifunga sikukuu, huitwa Vijayadashami, yaani siku ya kumi ya ushindi. Wengine huiita Dasara.

Labda msomaji atauliza: ikiwa sikukuu hiyo huhesabiwa kwa mwezi, mbona haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani? Jibu lake ni hili. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354, nazo zimepungua siku 11 kwa mwaka wa jua. Waislamu huuacha upungufu huo kama ulivyo, na kwa hiyo Ramadhani hupita katika majira yote, ya jua na ya mvua. Wahindu, kila baada ya miaka kama mitatu, huongeza mwezi wa kumi na tatu, ili hesabu ya mwezi irudi kulingana na hesabu ya jua. Ndiyo sababu Navaratri haitoki katika majira yake. Huko India huja wakati mvua kubwa zimekwisha, mito imejaa, anga imetakata, na mpunga u mashambani. Iko Navaratri nyingine katika mwezi wa Machi au Aprili, walakini hii ya Ashvin ndiyo kubwa.

NI MUNGU GANI AABUDIWAYE?

Mtu akihesabu sanamu katika hekalu la Kihindu atasema ya kuwa watu hawa wana miungu mingi. Ukiwauliza wenye elimu yao, aghalabu watakujibu ya kuwa Aliye kweli ni mmoja, ila majina yake na sura zake ni nyingi, na kila mtu humwendea kwa mlango ulio karibu naye. Wako wanaomwendea kwa jina la Vishnu, wako wanaomwendea kwa jina la Shiva, na wako wanaomwita Mama. Hao wa tatu humwita Devi, yaani Mungu wa kike, nao husema ya kuwa yeye ndiye Shakti, maana yake nguvu: nguvu iumbayo, ilindayo na iondoayo. Mfano wao ni moto na joto lake. Huwezi kuutoa moto katika joto lake, ukauweka huku na joto ukaliweka kule. Kadhalika, wao husema, huwezi kumtenga Mungu na nguvu zake.

Devi ana majina kwa kadiri ya kazi zake. Akiwa mshindi wa uovu huitwa Durga, jina ambalo ndani yake mna maana ya ngome, au mahali pagumu kufikiwa. Akiwa mwenye kuleta baraka na mali huitwa Lakshmi. Akiwa mwenye kutoa elimu na ufasaha huitwa Saraswati. Mahali pengi watu huzigawa siku tisa kwa mafungu matatu: tatu za kwanza ni za Durga, tatu za kati ni za Lakshmi, na tatu za mwisho ni za Saraswati. Mpango huo una maana. Mwenye shamba hufyeka magugu kwanza, kisha hupanda mbegu, kisha hungoja mavuno. Vivyo hivyo mwenye kuabudu huomba kwanza maovu ya moyo wake yakatwe, kisha mema yatiwe mahali pake, na mwisho apewe hekima.

MFALME NA MFANYA BIASHARA

Kitabu kisomwacho katika siku hizo tisa huitwa Devi Mahatmya, maana yake Utukufu wa Devi. Kina sura 13, na kwa desturi huhesabiwa kuwa na mistari 700. Ni sehemu ya kitabu kikubwa zaidi kiitwacho Markandeya Purana, na wataalamu hukisia ya kuwa kilitungwa yapata miaka 1,400 iliyopita au zaidi. Wengi wajua habari za vita vilivyomo. Wachache hukumbuka ya kuwa kitabu hakianzi na vita. Chaanza na watu wawili wenye huzuni.

Wa kwanza ni mfalme Suratha. Alikuwa mfalme mwema, akiwalinda raia zake kama watoto wake mwenyewe. Adui zake walimshinda vitani, akarudi mjini kwake. Na huko, walipomwona amekuwa dhaifu, mawaziri wake mwenyewe wakamnyang'anya hazina na jeshi. Akapanda farasi peke yake, akafanya kama aendaye kuwinda, asirudi. Akafika msituni kwa mtu mmoja mtawa jina lake Medhas, mahali ambapo hata wanyama wakali walikaa kwa amani. Lakini mfalme hakuwa na amani. Mchana kutwa aliwaza: "Je, ndovu wangu mkubwa anapata chakula? Mali niliyoikusanya kwa taabu, sasa inatapanywa na watu wasiojua kuweka akiba."

Hata siku moja akamwona mtu mwingine anatangatanga kwa majonzi. Huyo aliitwa Samadhi, mfanya biashara wa ukoo wa kitajiri. Mkewe na wanawe walitamani mali yake, wakamfukuza. Mfalme akamwuliza habari zake, akaona ajabu, kwa maana yule mtu hakuwaza jinsi ya kulipiza kisasi. Alikuwa akiwaza kama mkewe na wanawe ni wazima, na kama wana shida yo yote. Mfalme akasema, "Watu hawa wamekufukuza kwa tamaa ya mali, mbona moyo wako wangali wawapenda?" Akajibu, "Nami nayaona hayo uyasemayo. Lakini nifanyeje? Moyo wangu hautaki kuwa mgumu."

Wakaenda wote wawili kwa yule mtawa, wakamwuliza: "Sisi si wajinga. Twajua ya kuwa vitu hivi vimetuacha, na watu hawa wametudhulumu. Mbona basi mioyo yetu yafungwa navyo, kama watu wasio na akili?"

Hilo ndilo swali la kitabu kizima. Wazee wetu wengi wamelijua swali hilo bila kusoma Devi Mahatmya, kwa kuwa ni nani asiyemjua mtu aliyetolewa katika cheo chake, na bado huamka usiku akihesabu ng'ombe wasio wake tena?

Medhas akawajibu kwa mfano wa ndege. Akasema, tazameni ndege, yeye mwenyewe ana njaa, lakini hutia punje katika vinywa vya makinda yake. Na wanadamu pia hupenda watoto wao, huku wakitumaini kulipwa. Nguvu inayofunga viumbe namna hii ni ya Devi mwenyewe. Yeye hufunga hata mioyo ya wenye hekima. Na yeye yule, akiombwa, ndiye afunguaye. Wakasema, "Tueleze habari zake." Ndipo mtawa akaanza kuwasimulia vita.

VITA VYA DURGA

Habari ijulikanayo zaidi ni ya Mahishasura. Asura ni majitu, adui wa miungu, na mahisha ni nyati, yaani yule wa Kihindi afugwaye na kulimishwa. Mahishasura aliwashinda miungu wote katika vita vya miaka mia, akawatoa mbinguni, akakaa yeye katika kiti cha enzi. Miungu walioshindwa walimwendea Shiva na Vishnu wakalia. Hasira ikawashika wote, na katika nyuso zao ukatoka mwanga mkali. Mwanga wa huyu ukaungana na wa yule, ukawa kama mlima uwakao moto, na mwanga huo ukageuka ukawa mwanamke. Huyo ndiye Durga. Kisha kila mmoja akampa silaha yake: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali, mungu wa upepo upinde na mishale, Indra radi na kengele, na mlima Himalaya ukampa simba wa kupanda.

Vita vilipokuwa vikali yule jitu alibadili umbo. Alikuwa nyati, akawa simba, alipokatwa akawa mtu mwenye upanga, kisha ndovu, kisha nyati tena, akatupa milima kwa pembe zake. Durga akaruka, akamkanyaga shingoni, akamchoma mkuki. Yule jitu akatoka nusu katika kinywa cha nyati kwa umbo lake la kweli, na hapo ndipo akakatwa kichwa. Ndiyo sanamu uionayo katika picha nyingi: mwanamke juu ya simba, na mtu atokaye katika mwili wa nyati.

Wahindu hufundisha mambo mawili katika habari hii. La kwanza, miungu walishindwa walipopigana kila mtu kwa nguvu zake; nguvu zao zilipokusanywa kuwa kitu kimoja, uovu ukaanguka. La pili, uovu hauna sura moja. Ukiufukuza ukiwa hasira hurudi ukiwa kiburi, na ukifukuza kiburi hurudi kikiwa kimevaa nguo za uchaji. Hauwezi kuuawa mpaka utoke katika maumbo yake yote ukaonekana kama ulivyo.

Katika habari nyingine yumo jitu aitwaye Raktabija, maana yake Mbegu-damu. Kila tone la damu yake lililoanguka chini lilizaa jitu mwingine kama yeye, na kadiri alivyopigwa ndivyo walivyozidi kuwa wengi. Hakushindwa mpaka Kali, sura ya Devi iliyo kali mno, alipoinywa damu ile kabla haijagusa ardhi. Waalimu wa Kihindu husema ya kuwa hii ndiyo tabia ya tamaa: ukiikata juu juu, huzaa nyingine kumi.

Na katika vita vya mwisho jitu mkuu, Shumbha, alimtukana Durga akisema ya kuwa anajivuna kwa nguvu za wengine, maana alisaidiwa na miungu wa kike wengi. Durga akamjibu ya kuwa hakuna mwingine ila yeye peke yake, na wote wale ni sura za nguvu zake. Mara hiyo wote wakaingia mwilini mwake, akabaki mmoja. Hapo msomaji ataona kwamba kitabu chenyewe kimelijibu lile swali la miungu mingi kwa njia ya hadithi.

WALIOMBA NINI?

Masimulizi yalipokwisha, mfalme na mfanya biashara walikwenda ukingoni mwa mto, wakafinyanga sanamu ya Devi kwa udongo, wakaitolea maua, uvumba, moto na maji. Wakafunga na kuomba miaka mitatu. Ndipo Devi akawatokea, akamwambia kila mmoja aseme haja yake.

Mfalme aliomba arudishiwe nchi yake, na katika maisha yajayo apewe ufalme usioondoka. Mfanya biashara hakuomba nyumba yake wala mali yake. Aliomba elimu ile iondoayo katika moyo neno "mimi" na neno "changu". Kila mmoja akapewa alichokiomba.

Haya yafaa kufikiriwa sana. Watu wawili walipata msiba wa namna moja, wakasikia mafundisho mamoja, wakaabudu sanamu moja. Lakini hawakuomba kitu kimoja. Kitabu hakimlaumu mfalme. Kutaka kurudi katika kazi ya kulinda raia si dhambi, na nchi haiwezi kukaa bila mwenye kuitunza. Hata hivyo kila msomaji hujiona ameulizwa, "Na wewe, je, utaomba nini?" Kwa Mhindu mwenye kushika dini yake, swali hilo ndilo kiini cha siku tisa. Anafunga, anaimba, anawasha taa; na chini ya hayo yote anajipima kama moyo wake u pamoja na mfalme au u pamoja na mfanya biashara.

SANAMU YA UDONGO

Ile sanamu ya ukingoni mwa mto haikusahauliwa. Katika nchi ya Bengal, ambayo tangu mwaka 1947 imegawanyika, magharibi yake ikiwa sehemu ya India na mashariki yake siku hizi ikiitwa Bangladesh, sikukuu hii huitwa Durga Puja, nayo ndiyo kubwa kupita zote kwa Wahindu wa huko. Katika mji wa Kolkata kuna mtaa wa wafinyanzi uitwao Kumartuli. Wao hufanya mifupa ya sanamu kwa mianzi na majani makavu, kisha huikandika udongo wa mtoni, kisha huipaka rangi. Durga huwa na mikono kumi, na pamoja naye huwekwa watoto wake wanne: Lakshmi, Saraswati, Ganesha mwenye kichwa cha ndovu, na Kartikeya. Macho ya Durga huchorwa mwisho.

Katika udongo huo, kwa desturi ya zamani, hutiwa kidogo kilichochukuliwa mlangoni pa makahaba. Watu huieleza desturi hii kwa njia mbalimbali. Wengi husema ya kuwa Mama wa wote hawezi kukamilika ikiwa wanawake wanaodharauliwa na mji wameachwa nje.

Mpaka hapo sanamu ni udongo tu. Kuhani huomba uhai wa Devi uingie ndani yake, na kwa siku chache hupokewa kama mgeni mkuu: huamshwa, huogeshwa, hulishwa, huimbiwa. Saa kubwa kupita zote ni mwisho wa siku ya nane na mwanzo wa siku ya tisa, muda wa dakika 48, ambapo huwashwa taa 108. Hesabu hiyo ya 108 yakumbusha hadithi ipendwayo na Wabengali. Husimuliwa ya kuwa Rama, kabla ya kupigana na Ravana, alitaka kumtolea Durga maua 108 ya yungiyungi la buluu. Akakuta moja limepungua, akainua mshale ili alitoe jicho lake mwenyewe liwe badala ya ua. Durga akamzuia, akampa ushindi.

Siku ya kumi kuhani huomba tena, safari hii ili Devi aondoke katika sanamu. Kisha sanamu ile, iliyogharimu fedha nyingi na kazi ya miezi, huchukuliwa kwa ngoma hata mtoni ikazamishwa. Rangi zaondoka, udongo wayeyuka, yabaki majani na mianzi. Wabengali wengi humwona Durga kama binti aliyeolewa mbali, ambaye kila mwaka huja kwa baba yake siku chache, kisha hana budi kurudi kwa mumewe Shiva mlimani. Kwa hiyo siku ya kumi watu hulia kwa kweli, na wanawake walioolewa humpaka sanamu rangi nyekundu usoni na kumlisha tamu, kama binti anayeagwa.

Mtu asemaye ya kuwa Wahindu huabudu udongo na aitazame siku ya kumi. Mwenye kudhani ya kuwa udongo ndio Mungu hangeutupa mtoni kwa hiari yake. Dini nyingine zaweza kukataa sanamu kabisa, nazo zina hoja zake. Lakini ni haki kumkataa mtu katika yale anayoyasema, si katika yale asiyoyasema.

Siku hizi kuna shida mpya: rangi nyingine zina sumu, na sanamu nyingi zikizamishwa pamoja huharibu mito. Wenye mamlaka wamezuia rangi za namna hiyo, na huko Kolkata mashine huyatoa mabaki mtoni upesi baada ya kuzamishwa.

DESTURI ZA MAHALI PENGINE

Huko Gujarat, magharibi ya India, hakuna haja ya sanamu kubwa. Huwekwa chungu chenye matundu na taa ndani yake, nacho huitwa garba, neno litokalo katika Kisanskriti garbha, yaani tumbo la uzazi. Chungu ni mwili, taa ni uhai uliomo, na duara la wachezaji ni mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Katikati ya mzunguko huo lipo jambo moja lisilozunguka, nalo ni taa. Wahindu wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni Gujarat na Kachchh, na kwa hiyo huku kwetu Navaratri huonekana zaidi kwa sura ya mchezo huo. Hata wale waliofukuzwa Uganda katika mwaka 1972 waliuchukua pamoja nao mpaka Uingereza, maana ni ibada isiyohitaji mzigo mkubwa: chungu, taa, na watu wa kusimama duara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliandika Durga Puja ya Kolkata katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2021, na garba ya Gujarat mwaka 2023.

Katika India ya kusini, siku ya tisa vitabu na vyombo vya kazi hupumzishwa. Fundi huweka nyundo yake, mwanafunzi vitabu vyake, mwenye gari gari lake, navyo hupambwa kwa maua. Siku hiyo hakuna kusoma wala kufanya kazi kwa vyombo hivyo. Huko Kerala, siku ya kumi watoto wadogo huandika herufi zao za kwanza kwa kidole katika sinia ya mchele, mzee au mwalimu akiwashika mkono. Waalimu watakaosoma habari hii wataona jinsi elimu inavyoheshimiwa hapo: huanzwa kwa chakula, kwa kidole, na kwa mkono wa mtu mzima.

Nepal sikukuu hii huitwa Dashain. Wazee huwapaka vijana wao mchele uliochanganywa na maziwa ya mgando na rangi nyekundu katika paji la uso, na kuwabariki. Huko, na mahali pengine pa India, huchinjwa mbuzi na nyati. Wahindu wengi hawapendi jambo hili, na wengine hukata boga mahali pa mnyama, wakisema ya kuwa mnyama apaswaye kuchinjwa ni yule akaaye moyoni.

MIZANI YA WENYEWE

Katika siku hizi, mahali pengi msichana mdogo huketishwa, huoshwa miguu, hupewa chakula na zawadi, na watu wazima humwinamia kama Devi mwenyewe. Swami Vivekananda, mwalimu mashuhuri wa Bengal, alifanya hivyo huko Kashmir katika mwaka 1898 kwa binti mdogo wa mwenye mashua, naye alikuwa Mwislamu. Mwaka 1901 aliiweka desturi hiyo katika ibada ya Durga ya nyumba yao ya watawa, Belur, karibu na Kolkata.

Sasa mtu aweza kuuliza: watu wamwinamiao msichana siku moja, je, humtendeaje siku zilizobaki? Swali hili si letu. Wameliuliza Wahindu wenyewe, na kwa ukali. Katika nchi hiyo hiyo ya Bengal, Rammohun Roy alipinga desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, nayo ikakatazwa kwa sheria mwaka 1829. Ishwar Chandra Vidyasagar akawapigania wajane waruhusiwe kuolewa tena, na sheria ikapitishwa mwaka 1856. Hata karibu na zama zetu, mwaka 1994, India ililazimika kutunga sheria ya kukataza kupima mimba ili kujua kama ni ya kike, kwa sababu wazazi wengine walikuwa wakiziondoa. Wajane nao, mahali pengi, kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kushika ile rangi nyekundu siku ya kumi, ingawa Mama ni mama yao pia. Na siku hizi wako wanaowakaribisha.

Twataja haya si kwa kuwaaibisha Wahindu. Hakuna dini ambayo watu wake hawajashindwa na maneno ya vitabu vyao wenyewe. Twayataja kwa kuwa hapa ndipo sikukuu huonekana kama ni hai au imekufa. Kumfinyanga Mama kwa udongo ni kazi ya mwezi mmoja. Kumheshimu katika mama, mke, mjane na binti ni kazi ya mwaka mzima, wala haina ngoma.

Basi, msomaji, ukipita usiku karibu na ukumbi ule ukaiona taa ndani ya chungu, utajua ya kuwa wale wachezao wanaizunguka nguvu ambayo, kwa imani yao, humfunga mtu na kumfungua. Na ukikutana na jirani yako Mhindu siku ya kumi asubuhi, mpe heri ya sikukuu yake; atafurahi kuona ya kuwa unajua ni siku gani.

MASWALI YA KUULIZA SHULENI

1. Kwa nini Navaratri haizunguki majira yote kama Ramadhani, ingawa zote mbili huhesabiwa kwa mwezi?
2. Mfalme Suratha na mfanya biashara Samadhi walifanana katika nini, na walitofautiana katika nini?
3. Eleza maana ya kubadilika maumbo kwa Mahishasura, na maana ya damu ya Raktabija.
4. Kuizamisha sanamu mtoni siku ya kumi kwatufundisha nini juu ya imani ya Wahindu kuhusu sanamu?
5. Katika garba, chungu ni mfano wa nini, taa ni mfano wa nini, na duara ni mfano wa nini?
6. Kama ungalisimama ukingoni mwa mto pamoja na wale wawili, ungaliomba nini? Toa sababu yako.